Viatu Mlangoni kwa Fundi Miwani

"Tangu lini Mzee Tochi akavaa raba?"

Mwanamke aliyesema hivyo hakuwa akizungumza na mtu. Alisimama mbele ya bango la sinema katika jengo la maduka, gauni lake la zambarau limenyooka kwa pasi, miwani machoni, na miwani nyingine kaisahau juu ya nywele. Watu walimpita wakisukumana. Ngazi za umeme zilikuwa zimegoma, na kila aliyepanda kwa miguu alipanda akilaani.

"Tangu magoti yalipoanza kumsumbua," ikajibu sauti kutoka chini.

Akaruka kando. Kwenye shimo la ngazi lililofunguliwa kilichungulia kichwa cha mwanaume, grisi shavuni, bisibisi mdomoni kama mswaki.

"Mzee Tochi hana magoti mabovu," mwanamke akasema. "Kitabu cha tatu alipanda mnara."

"Kitabu cha tatu alipandishwa. Alibebwa na mpishi. Karudie kusoma, dada."

Mwanamke akaukumbuka ukurasa wenyewe. Ni kweli, alibebwa. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha juu ya Mzee Tochi, na alishangaa kuona jinsi ilivyompendeza.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika: Mzee Tochi ni mpelelezi wa vitabu vya zamani vyenye jalada la njano, mseja anayeishi peke yake na kutembea na tochi hata jua likiwaka. Kanuni yake ni moja: usichokigusa, usikisemee. Akiingia katika nyumba yenye msiba atagusa kiti, atagusa pazia, atatia mkono ndani ya kiatu, ndipo afungue mdomo. Redio ilimchukua kwanza, kisha televisheni. Sasa sinema ilikuwa imemvika raba, ikampa simu yenye kamera, na, jambo ambalo mashabiki wengine hawajalisamehe hadi leo, ikampa mke.

Fundi alipomaliza kazi aliosha uso, akanunua tiketi, akaenda kukaa kiti cha jirani na gauni la zambarau. Walinong'onezana mpaka watu wa nyuma wakawazomea.

Yeye alikuwa fundi wa lifti na ngazi za umeme. Mwanamke alikuwa fundi wa miwani, mtu wa kukata na kusugua vioo vya macho ya wenzake katika duka lisilo na dirisha. Basi wakaitana Lifti na Miwani, na hayo ndiyo majina yaliyobaki.

Miwani akampeleka kwenye kundi la mashabiki, waliokutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha mshona nguo. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyewanyamazisha watu wazima kwa kugonga kikombe na kijiko.

"Hoja ya leo," Mwalimu akasema, "ni mke. Wamefanya vema au wameharibu?"

"Wameharibu," Miwani akasema. "Mzee Tochi anaona kwa sababu yuko peke yake. Mpe mtu wa kumwuliza 'umekula?' na akili yote itaishia kwenye sufuria."

"Wamemhurumia," Lifti akasema. "Mtu amewatafutia watu wote wauaji wao. Naye hana hata wa kumkuna mgongo?"

"Mgongo unakunwa na ukuta."

"Ukuta hausemi pole."

Chumba kikacheka. Miwani akacheka pia, kisha akatazama dirishani kwa muda. Lifti aliliona hilo, ila hakulielewa.

Mapenzi yao yakaja hivyohivyo, kwa mabishano. Kila jioni walipigiana simu, kila mmoja chumbani kwake na sahani yake moja, wakatazama sehemu ileile ya tamthilia ileile.

"Tayari? Moja, mbili, bonyeza!"

"Umetangulia, Lifti! Kwako nasikia mlango, kwangu mtu bado yuko kwenye ngazi."

"Basi nakungoja, mpenzi. Mimi mbona nangoja tu siku zote?"

"Mwone! Nani kakuruhusu neno mpenzi?"

"Nilirudishe?"

"Liache. Limeshatoka."

Mabishano yao yote yaliisha kwa kicheko, isipokuwa ya redio. Miwani alikuwa na kanda zote za Mzee Tochi wa redioni, kwake ndiye wa kweli. Lifti hakutaka hata kumsikia. "Kanda? Hizo za babu zetu, kipenzi. Mimi nataka kumwona."

Kulikuwa na jambo jingine. Lifti alimsindikiza mpaka kwenye geti la jengo lake, na hapo Miwani alisema, "Hapa panatosha." Siku zote hapa panatosha. Alimwonyesha tu kwa kidole: ghorofa ya nne, mlango wa mwisho, unaotazama tangi la maji. Lifti alikuwa na chumba kilichokuwa kimya hata redio ikiwa imewashwa, na miaka ilikuwa inakwenda. Alitaka kuoa. Alimtaka huyu, na alingoja kuitwa ndani kama mtu anayengoja jina lake hospitali.

Hakuitwa na mpenzi. Aliitwa na lifti.

Ilikwama katika jengo lilelile, ghorofa ya nne. Lifti alienda akipiga mbinja. Aliimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana, akajifuta mikono, akaenda mpaka mlango wa mwisho ili amshangaze, maana siku ile Miwani alikuwa mapumzikoni.

Mlangoni palikuwa na viatu vya mwanaume. Vya ngozi, vyeusi, vikubwa kama mitumbwi, vimepakwa rangi vikang'aa. Kwenye kamba ya kando ilining'inia shati la mikono mirefu, la kiume. Na kutoka ndani ikaja sauti ya mwanaume, nzito. Ikakohoa. Kisha ikacheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyeko kwake, akashiba.

Mkono uliokuwa unakwenda kubisha ukarudi mfukoni.

Viatu, shati, sauti, hapa panatosha. Mtu hahitaji kuwa Mzee Tochi. Lifti alishuka kwa miguu, akaiacha lifti aliyoitengeneza mwenyewe, na alipofika chini hakukumbuka alipoacha sanduku la vifaa.

Jioni simu ikaita. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

"Lifti? Mbona hupokei? Nimeshatenga chakula, nakungoja tubonyeze."

"Tazama na mwenye nyumba wako."

"Mwenye nyumba yupi?"

"Unamjua. Msalimie."

Akakata. Wanaume bwana! Amekaa mwezi mzima akibishana juu ya ushahidi, na siku ushahidi unamhusu, hata swali moja hakuuliza.

Miwani alibaki na simu sikioni. Alipiga tena, haikupokelewa. Alitazama sehemu ile peke yake mpaka mwisho, na alipoulizwa kesho yake dukani iliishaje, hakukumbuka. Yeye hakuwa mgeni wa kukaa peke yake. Alikuwa amezoea. Lakini kuna upweke wa mtu ambaye hakupigiwa simu, na kuna upweke wa mtu aliyezoea kupigiwa, na huu wa pili unauma hadi kwenye meno. Alisugua vioo vya watu, akavikosea, akaanza upya.

Lifti naye alikula wima, mbele ya jiko, ili asiione sahani moja mezani. Dada yake mkubwa akapiga.

"Mdogo wangu, yule binti wa miwani tunamwona lini?"

"Ana mtu, dada."

"Kakwambia?"

"Nimefanya uchunguzi."

"Nimekuuliza, kakwambia?"

"Niliona viatu, dada. Na shati. Na sauti nikaisikia."

"Ulimwuliza?"

Lifti akazima jiko.

"Ndiyo maana uko peke yako," dada akasema, si kwa ukali, na hilo lilimchoma zaidi.

Jumamosi ilipofika akaenda kwenye kundi, akiwa amejiapiza kwamba akimkuta hatamtazama. Hakumkuta. Kiti cha Miwani kilikuwa kitupu na hakuna aliyekikalia. Lifti alikitazama mpaka Mwalimu akagonga kikombe.

"Leo tunarudi nyuma. Nyie vijana mnasifia sinema, lakini wa redioni hamumjui. Fundi wetu wa miwani aliniazima kanda hii. Tulieni."

Akabonyeza. Ikasikika mvua, mlango, hatua. Kisha sauti ya mwanaume, nzito. Ikakohoa. Kisha ikacheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyeko kwake, akashiba.

Lifti akasimama, kiti kikaanguka.

"Wewe! Hata muuaji hajatajwa!" Mwalimu akasema.

"Mimi ndiye, Mwalimu," Lifti akasema, akatoka mbio.

Alipanda zile ghorofa nne kwa miguu kwa sababu hakuweza kusimama akasubiri. Kwenye mlango wa mwisho viatu vilikuwepo bado. Aliinua mkono abishe, kisha akakumbuka kanuni, akachuchumaa, akavigusa.

Alikichukua kimoja, akakigeuza. Soli ilikuwa safi, haijawahi kukanyaga hata uchochoro, na bei ya dukani bado imebandikwa. Akaingiza mkono ndani. Ulikutana na gazeti lililofinyangwa kujaza nafasi ya mguu ambao haukuwahi kuingia.

Mlango ukafunguka.

Miwani alikuwa kwenye kanga, nywele hazijachanwa, macho mekundu. Alimtazama mwanaume aliyechuchumaa mlangoni pake na mkono wake umezama ndani ya kiatu.

"Unamwibia mume wangu viatu?"

"Miwani, mimi..."

"Ndiye uliyeniambia nimsalimie. Haya, msalimie mwenyewe."

"Nilimsikia anacheka ndani. Kumbe ni kanda."

"Ulimwonea wivu Mzee Tochi?" Mdomo wake ulitaka kucheka, ukakataa. "Mama alipofariki nikabaki hapa peke yangu. Wiki haikuisha, mtu akajaribu kitasa changu. Asubuhi nikaenda nikanunua viatu vikubwa kuliko vyote dukani. Nikaanika shati. Nikitoka naacha kanda inaongea, na nikiwepo pia, kama siku ile nilipokuwa bafuni. Kila Jumapili navipaka rangi, navigeuza, ili ionekane vimetoka vimerudi."

"Kwa ajili ya wezi."

"Mwanzoni. Baadaye..." Alishika ubao wa mlango. "Baadaye nikawa nikirudi kazini, nikiviona, moyo unatulia. Nadhani kuna mtu. Mpaka nifungue. Nilikuzuia getini kwa sababu niliona aibu, Lifti. Mwanamke mzima anaishi na viatu. Wiki ile nilikuwa nimeamua kuviondoa, nikuite. Wewe ukaja ukatazama, ukanihukumu, ukashuka. Hukubisha hata hodi."

"Nilikosa. Sikugusa."

"Hukuuliza! Vitu ndivyo vinavyoguswa. Mimi ni mtu, mimi naulizwa."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na Lifti aliona jinsi alivyomuumiza mtu ambaye tayari alikuwa ameumia peke yake kwa miaka.

"Nenda, Lifti," akasema kwa upole. "Leo sijui nikujibu nini."

Mlango ukafungwa. Lifti akainama, akafungua kamba za viatu vyake vya kazi, vyenye grisi, kisigino kimelika upande mmoja kwa sababu ya namna anavyotembea, akaviweka kando ya vile vya dukani. Akashuka akiwa na soksi tu. Lami ilikuwa ya moto bado, na watu walimtazama. Mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili.

Alikuwa amefika kwenye kona ya duka la dawa simu ilipoita.

"Umesahau viatu."

"Sikuvisahau."

"Vinanuka."

"Vinavaliwa, ndiyo maana."

Akamsikia anapumua. Akamsikia pia anakaa, huenda sakafuni, huenda palepale mlangoni.

"Hiki cha kulia kimelika kisigino," Miwani akasema. "Nimetia mkono. Bado kina joto." Sauti ilikatika, ikarudi. "Lifti. Ile sinema. Kumbe hata akiwa na mke, bado anaona?"

"Anaona vizuri zaidi, mpenzi. Kuna mtu wa kumwambia 'hapo umekosea'."

"Uko wapi?"

"Kwenye kona. Nyayo zinaungua."

"Vile vikubwa nimeviingiza ndani, chini ya kitanda. Vyako nimeviacha hapa nje. Jirani kapita sasa hivi, kavitazama, atadhani nimeolewa."

Lifti alifumba macho katikati ya watu. "Nije nivichukue, ili asidhani?"

"Hapana," Miwani akasema. "Njoo, ili asiishie kudhani."