Jumanne ya Wauguzi Wawili

Kila asubuhi kabla ya shule, Victorine alipita mbele ya kituo cha afya na dumu la maji kichwani. Kijiji chao kiko kwenye barabara mbovu kati ya Kasongo na Kabambare, na kituo kingine kiko mwendo wa siku nzima. Siku zote alikuta mlango wazi na akina mama wamekaa na watoto wao. Jumanne tu alikuta kufuli.

Hapo awali muuguzi, au munganga kama watu walivyomwita, alikuwa mmoja, Emile, na watu walimsema. "Munganga huyu iko muvivu! Jumanne anaenda kutembea soko la Kasongo." Wakaomba muuguzi wa pili, wakaomba tena, hadi wakapewa kijana mpole aitwaye Bruno. Kijiji kizima kilishangilia. Jumanne iliyofuata Victorine alipita na maji yake, na kufuli ilikuwa palepale. Aliogopa, kwa maana dada yake mkubwa, yaya Cécilia, alikuwa na mimba kubwa.

"Mama," alisema jioni ile, "yaya akishikwa na uchungu Jumanne, itakuwa namna gani?"

"Funga kinywa! Usituitie mabaya," mama akamkaripia.

Mabaya hayakungoja kuitwa. Jumanne ya tatu tangu Bruno aje, jua likiwa utosini, Cécilia alishikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwenye kipoyi, kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, na Victorine akatangulia mbio. Alipiga mlango wa kituo kwa ngumi zote mbili. Hakuna aliyeitika.

Mtoto alizaliwa barazani mwa kituo, mikononi mwa mama yao Victorine na Cécilia, akalia vizuri. Lakini damu ya Cécilia haikukoma. Mkeka ulilowa. Cécilia akaacha kusema, kisha akaacha hata kufungua macho. Victorine alimshika vidole, vikawa baridi, naye akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

Ndipo pikipiki ikaja, imewapakia wauguzi wote wawili. Emile hakuuliza kitu. Alifungua mlango, akachoma sindano, akakanda tumbo, na Bruno akatundika dripu. Jua lilipokuwa linazama, damu ilikoma.

Kesho yake wanaume walijaa uani. "Emile aondoke!" walipiga kelele. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, na safari hii ngozi ilikuwa mkononi mwa Emile.

Victorine alimsogelea Moustapha, mwenyekiti wa kamati ya afya. "Baba Moustapha, hata mukimufukuza, Jumanne pataendelea kufungwa. Munganga alikuwa mumoja, palifungwa. Sasa iko wawili, pamefungwa tena."

Moustapha akamgeukia Emile. "Jumanne munaendaka kufanya nini?"

Emile alitoa barua. "Ofisi ya ripoti ya zoni ya afya, kule Kasongo, inataka mimi mwenyewe nipeleke ripoti kila Jumanne."

Bruno naye akatoa yake. "Ofisi ya chanjo inataka mimi mwenyewe nichukue chanjo. Na pikipiki za Kabambare zinapita hapa siku ile tu."

"Mbona hamukutuambia?"

"Hamukutuuliza, Baba," Emile alisema. "Mulitutukana tu."

Moustapha aliziweka barua zote mbili juu ya meza moja. Kila ofisi ilikuwa imetoa amri yake bila kujua mwenzake ameagiza nini. Siku hiyohiyo kamati iliandikia zoni, yenye ofisi zote mbili: muuguzi mmoja apeleke ripoti na kuchukua chanjo, wapokezane zamu, na mwingine abaki. Baada ya majuma mawili jibu lilikuja: wamekubali, na vituo vyote vya barabara ile vitafanya vivyo hivyo.

Moustapha alikwenda kuisoma barua hiyo shuleni, mbele ya darasa la Victorine.

"Wanangu," alisema, "sisi wakubwa tulihesabu wanganga, hatukuangalia kazi yao inapangwa namna gani. Jambo likiharibika siku ileile kila mara, musikimbilie kumulaumu mutu. Muulize nani aliagiza nini, na nani hakuambiwa." Akamtazama Victorine. "Yaya yako alipona kwa bahati. Na bahati, mwanangu, haina zamu."