Hapana ya Kwanza

Haya nimeambiwa na mama yake Nyemo, juzi Jumamosi, tumekaa barazani kwake tunachambua mlenda. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliyatoa kwa mtoto kidogo kidogo, kama mtu anavyotoa mwiba. Mimi nayaandika kama nilivyoyapokea.

Siku ile nzimacho walikuwa juu ya uwanja wa Sekondari ya Wasichana ya Chihwele tangu filimbi ya kwanza. Kwa asiyewajua, nzimacho ni vidude vyenye mabawa, kila kimoja na jicho moja, na havitoi hata mlio wa mbu. Huning'inia hewani juu ya mchezaji wakampima: urefu wa hatua zake, joto la misuli, mapigo ya moyo, hata macho yake yanaelekea wapi kabla mpira haujamfikia. Wakishapima hupeleka kila kitu kwenye ubongo-mashine wa chuo cha mpira kilichowatuma, na ule ubongo humchora mchezaji wa miaka ijayo. Humwona akikimbia, akiumia goti, akipona, akizeeka, na yeye mwenyewe bado yuko kidato cha sita, ana deni la kufua jezi. Zamani vyuo vilituma mtu mwenye kofia akae juani na kutazama. Watu hao siku hizi hawapo.

Chihwele walikuwa wanacheza na wasichana wa Kondoa. Nyemo Chilongola ni mshambuliaji, na mguu wake ni wa kulia. Sasa sijui ilikuwaje, mpira ukamjia upande mbaya, mbali na goli, akaupiga kwa mguu wa kushoto. Ukapanda, ukapinda kama mkia wa mbwa, ukaingia pembeni kabisa ambako kipa hafiki. Uwanja ukalipuka. Nyemo mwenyewe alisimama palepale ametoa macho, na nzimacho wote waliokuwa wametawanyika wakakusanyika juu ya kichwa chake.

"Umejipaka asali nini?" Mwalimu Tausi, kocha wao, alimwuliza baada ya mechi. "Nzi wote wamekuja kwako."

Kesho yake mkono wa mwalimu ukalia. Alikuwa na kisemeo, ile bangili ya kuongea tunayoivaa sote. Chuo cha Mpira cha Ziwani kilikuwa kinatafuta mshambuliaji mmoja tu, na kilikuwa kimemwona Nyemo. Kingemtuma Mwaliki nyumbani kwao Jumapili.

Mwaliki ni mashine inayotembea. Inatumwa kwa sababu ya sheria. Kuna wakati vyuo vilikuwa vinawarubuni watoto, vinawachukua kwa ahadi, wazazi wanashtukia kitanda kitupu. Ikapitishwa sheria kwamba lazima mwenye kumtaka mtoto afike nyumbani, aisikilize familia, na jibu la familia liheshimiwe palepale bila kubembelezwa. Sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliipigia makofi.

"Usiharibu," Mwalimu Tausi alimwambia Nyemo. "Hakuna chuo kingine kilichotazama huku Hombolo. Kikikukosa hiki, ni zabibu."

Zabibu si kazi mbaya. Baba yake Nyemo, Mesaki, ana mizabibu chini ya paa za kukinga jua, inanyweshwa na mnara wa ukungu unaokamua maji hewani. Wanakula, wanasaza. Lakini mtoto alikuwa anataka mpira, tangu akipiga maboga mpaka mama yake anamfukuza na mwiko. Usiku wa kuamkia Jumapili hakula.

Mwaliki akafika kwa gari-hewa, akatua nje ya mizabibu ili asipeperushe majani. Kimo chake kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, uso wa duara, hana mdomo. Akabisha hodi mara tatu na kungoja kila mara. Akakaribishwa, akakunja miguu, akakaa juu ya kigoda kama mtu.

"Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo safi.

Wazee wakatazamana. Baba Mkubwa Chiteme, kaka yake Mesaki, aliyeitwa aje awe msemaji, akaweka fimbo yake chini.

"Mbukwa, mgeni. Umekuja kwa heri?"

"Kwa heri. Tumepita njia, tukaona ua zuri katika bustani yenu. Tumekuja kuomba."

Looo! Mama yake Nyemo anasema uso wa Baba Mkubwa uling'aa kama umepakwa mafuta. Miaka mingi hajasikia posa ikisemwa kwa adabu. Vijana wa sasa wanagusanisha visemeo vyao njiani na ndoa imekwisha. Na leo chuma kinakuja na maneno ya wahenga! Akajiweka sawa, akakohoa.

"Ua? Ua gani? Hapa kwetu kuna michongoma tu. Eti Mesaki, wewe una binti?"

Mesaki ni mtu wa maneno machache, lakini na yeye kazi hiyo anaijua. "Ninaye mmoja. Ila hafai. Mvivu, haamki mpaka jua limchome. Na huo mpira wenu, mguu wa kushoto hana kabisa. Ule umeoteshwa tu asianguke."

Wazee wakacheka. Mwaliki hakucheka. Taa moja ndogo ikawaka kifuani pake.

"Je, familia inakubali?"

"Hatukubali!" Baba Mkubwa akasema kwa ile sauti ya shughuli, nene, ya kusikika mpaka kwa jirani. "Rudi kwa njia uliyojia."

"Nimesikia," akasema Mwaliki. "Asanteni kwa kusema wazi." Akasimama, akatoka, gari-hewa likapaa.

"Kijana ana adabu," Baba Mkubwa akasema, akijifuta jasho. "Hakubishana. Sasa atarudi na wakubwa zake. Yule jogoo mwekundu asiguswe."

Nyemo alikuwa nyuma ya pazia. Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, mbona wamekataa?"

"Nani kakataa?"

"Baba Mkubwa kasema hatukubali."

"Eeh. Ndivyo inavyosemwa."

"Kwa hiyo wamekubali?"

"Wakiulizwa tena watakubali. Unamtoa mtoto kwa hodi moja kama unayegawa chumvi?"

"Na wasipoulizwa tena?"

"Mwenye haja haulizi mara moja," mama akasema, akaendelea kupepeta.

Nyemo hakuelewa. Kwake yeye hapana ilikuwa hapana. Lakini aliwaona wakubwa wote wamefurahi, ua umefagiwa, jogoo anatembea kwa maringo, akajiona labda yeye ndiye hamnazo. Basi akangoja pamoja nao. Kila gari-hewa likipita juu, Baba Mkubwa anavaa koti. Likishapita, analivua.

Wiki ikakatika. Mwalimu Tausi akapiga, sauti juu. "Mmefanya nini nyie watu? Nafasi imefungwa! Na si Ziwani tu. Kumbukumbu ya Nyemo imeandikwa vibaya, na vyuo vyote vinaisoma hiyohiyo."

Wakaenda mjini, kwenye Kituo cha Miito, kunakotunzwa majibu ya familia zote, baba, Baba Mkubwa, mama na Nyemo. Baba Mkubwa kavaa koti. Ndani hakukuwa na mtu wa kusalimiana naye. Kulikuwa na viti, na ukuta mweupe unaoongea.

"Karibuni. Jibu la familia ya Chilongola liliheshimiwa," ukuta ukasema.

"Lile halikuwa jibu," Baba Mkubwa akaueleza kwa upole, kama anayemfunza mkwe mgeni. "Ile ilikuwa hapana ya kwanza. Mlitakiwa mrudi."

"Sheria hairuhusu kurudi kwa familia iliyokataa. Kurudi ni kubembeleza."

"Lakini mlikuja na maneno ya posa! Nani aliwafundisha maneno ya posa?"

"Tulifundishwa salamu za kila mahali ili familia zisiogope."

"Mkafundishwa kubisha hodi, hamkufundishwa kukataliwa?"

Ukuta ukasema, "Pia kuna ushahidi wa baba." Na sauti ya Mesaki ikatoka ukutani, ileile yake: hafai, mvivu, mguu wa kushoto hana kabisa. Kule nyumbani, pamoja na vicheko, yalikuwa maneno ya baraza. Huku, yametolewa peke yake kwenye chumba cheupe, yalitisha. Nyemo akainamisha kichwa. Alijua ni mila, ameshaelezwa. Lakini hajawahi hata siku moja kumsikia baba yake akimsifu, kwa hiyo angejuaje lipi la mila na lipi la moyoni?

"Nzimacho walihesabu mguu wa kushoto kuwa mzuri," ukuta ukaendelea. "Baba amesema haupo. Baba anaishi na mchezaji, kwa hiyo neno lake lina uzito zaidi. Je, baba alisema uongo?"

Hapo pakawa pagumu. Ungemwambiaje mtu mzima akiri mbele ya mwanawe kuwa ni mwongo? Na kama si mwongo, basi mtoto hafai. Baba Mkubwa akatazama fimbo yake kama ndiyo itakayojibu.

Mesaki akasogea mbele ya ukuta. Hakujua atazame wapi, maana ukuta hauna macho, akatazama kona.

"Mimi sikusema uongo," akasema. "Nilisema kiungwana. Mtu hajisifii chake mbele ya mgeni. Sasa mnataka kiburi, basi nitawapa kiburi." Akamwonyesha Nyemo kwa kidole. "Huyu mtoto huamka kabla yangu. Anakimbia kati ya mizabibu giza bado lipo, anadhani sisikii. Mechi zake zote nimeziona. Nakaa nyuma ya tangi la maji, asinione akababaika. Mguu wa kushoto anao. Siku ya Kondoa alipiga mpira kwa huo mguu, kutoka mbali huko, na mimi mtu mzima nilipiga kelele mpaka mwenye tangi akatoka nje. Hafai nini? Anafaa. Kama hamumtaki, hasara yenu."

Mama yake Nyemo akajifunika uso kwa khanga. Nyemo akamtazama baba yake kama anamwona leo. Nyuma ya tangi? Tangi lipi?

"Maelezo yamepokelewa," ukuta ukasema. "Kuna kauli mbili za shahidi mmoja, na zinapingana. Mtajibiwa."

"Lini?" Nyemo akauliza.

"Mtajibiwa," ukuta ukarudia, na taa zake zikazimika.

Mesaki hakusema neno njia nzima. Ni kama maneno ya mwaka wote yalikuwa yamemwishia mjini. Baba Mkubwa ndiye aliyefika nyumbani akiimba.

"Mmesikia? Mtajibiwa! Mashine imejifunza. Haikusema hapana, haikusema ndiyo, imejivuta kidogo kama watu. Sisi tumekwenda kuposa kwao, jambo ambalo babu zangu wakiamka watanichapa, na wao wametujibu kiungwana. Hiyo ni ndiyo. Mchinjeni jogoo."

Jogoo akachinjwa. Wakala, wakasimulia, wakaigiza ule ukuta, Baba Mkubwa akijifanya hana macho. Nyemo naye akacheka. Lakini moyoni aliijua mtajibiwa ya mashine. Walipoomba mnara wa pili wa ukungu waliambiwa mtajibiwa, naye alikuwa kidato cha pili, na mnara bado haujaja. Akamwambia mama yake. Mama akasema, "Mashine ya maji ni nyingine." Akamwuliza Mwalimu Tausi kwa kisemeo. Mwalimu akasema, "Mwanangu, hata mimi sielewi. Njoo mazoezini." Kila mkubwa alikuwa na mtajibiwa yake, na yeye katikati.

Watu wakalala. Baba Mkubwa alilala kwenye kiti, koti mwilini, ili kama wakija wamkute tayari. Mama akazima taa. Nyemo akajilaza, macho darini. Alijaribu kulifikiria Ziwa, akajikuta anafikiria tangi la maji, na baba yake amejibanza nyuma yake juani, anapiga kelele.

Mara sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, ukuta wa udongo wa nyumbani, sauti ya chini.

"Nyemo. Umelala?"

"Bado, baba."

"Ule mpira wa Kondoa. Ulikusudia, au ulikuponyoka?"

Jambo hilo Nyemo hakuwa amemwambia mtu, si kocha, si rafiki. Siku ile alikuwa anampasia mwenzake.

"Uliniponyoka, baba."

Akamsikia baba anacheka kwa pua, kitanda kikitikisika.

"Nilijua," Mesaki akasema. "Usiwaambie wale."

"Siwaambii."

Haikupita muda baba akaanza kukoroma. Nyemo akabaki macho kidogo, hajui kama anakwenda chuo au anabaki na zabibu, hajui hata kama ana mguu wa kushoto au hana. Akaukunja huo mguu chini ya blanketi, akaupapasa kwa mkono, naye akalala.