Karibuni Chakula

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mafriji. Alikuwa akitengeneza chumba cha baridi cha mkahawa wa Kimeksiko, taa ikazimika akiwa ndani. Akatoka akipapasa ukuta, vidole vimekufa ganzi, akisikia pumzi alizodhani ni zake.

Mhudumu akamwandalia taco, usicheke, ndivyo zinavyoitwa, sahani mbili.

"Karibuni chakula."

"Niko peke yangu, dada."

Dada akacheka kama mtu aliyetaniwa. Fundi akala bila kusikia ladha, akaenda zake nyumbani.

Bintiye mdogo akamfungulia mlango. Akamtazama baba, akatazama nyuma yake, kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamooni."

Fundi hakugeuka. Alisogea pembeni tu, kupisha.