Kipimo cha Hasira

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pilipili alimtungia shangazi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Shangazi alikuwa fundi wa nguo, na macho yake yalikuwa yameanza kuona matundu mawili penye moja. Wateja walipopita mlangoni wakauliza, "Habari za asubuhi, fundi?" alijibu, "Njema kabisa!" huku ameushika mgongo uliomuuma tangu juzi.

Jina la Pilipili alipewa shuleni, wala hakuonewa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye hasira za karibu. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, kofi lilifika kabla hujasema samahani. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumwandikia shangazi barua mbili, na ya pili ilisema wazi: akipiga mtu tena, shule basi. Pilipili aliipenda shule, ila aliiogopa mikono yake mwenyewe. Kila siku alijiapiza kwamba hatarudia, na kila mara alirudia.

Siku moja mtafiti aliingia darasani na bunda la karatasi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole.

"Maswali haya wanajibu wanafunzi wa nchi kumi na nne," alieleza. "Tunataka kujua hasira za watoto zinapanda upesi kiasi gani, huku na huko. Moja maana yake hapana kamwe, nne maana yake karibu kila wakati. Hakuna jibu lisilo sahihi. Semeni kweli tu."

Mwalimu wa darasa alitabasamu, kisha akapita kati ya madawati akinong'ona, "Jamani, nchi kumi na nne! Msituaibishe mbele za watu."

Swali la kwanza lilisema: Nakasirika upesi. Pilipili alilisoma mara tatu. Watu wengi walikuwa wamemgombeza kwa hasira zake, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza zikoje. Alitamani kuandika nne, na pembeni aeleze jinsi kifua kinavyojaa na masikio yanavyoziba.

"Unaandika ngapi?" aliuliza jirani yake, mvulana waliyemwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake.

"Wewe je?"

"Moja zote. Mgeni akikuuliza hali, utamwambia unaumwa tumbo?"

Pilipili aliona Kobe ana hoja. Akaandika moja. Kwenye swali la mwisho, Nikikasirika huwapiga wenzangu, aliandika moja vilevile, kwa mwandiko mzuri.

Miezi miwili baadaye mtafiti alirudi. Wanafunzi walipangwa mistari uwanjani, na mwalimu mkuu akasoma matokeo huku kichwa kimemvimba: katika nchi zote kumi na nne, haikupatikana shule yenye watoto wapole kuliko hii. Walimu walipiga makofi.

"Hata Pilipili ni mpole!" Kobe alipaza sauti. "Kipimo kimesema!"

Mstari mzima uliangua kicheko. Masikio ya Pilipili yakaziba. Yalipozibuka, Kobe alikuwa chini kwenye ngazi ya saruji, amejishika mdomo, na meno yake mawili ya mbele yamevunjika.

Ofisini Pilipili alilia kwa kwikwi. "Mama, nilikudanganya," alimwambia mtafiti. "Ni nne. Zote ni nne. Naomba unisahihishie."

Mtafiti alivua miwani. "Mwanangu, shule zilizoonyesha hasira nyingi zimepewa mshauri wa kukaa na watoto mwaka mzima, awafundishe kuzizuia. Washauri wameshagawanywa wote. Hapa tulidhani hahitajiki."

Shangazi aliitwa. Alipiga magoti, akaomba, akalia. "Fundi, naumia kama wewe," alisema mwalimu mkuu, "lakini mtoto wa watu hana meno." Barua ya tatu ilikuwa tayari mezani.

Wiki iliyofuata waliomba nafasi katika shule mbili, wakanyimwa. Ya tatu ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mwalimu wa huko alifungua daftari, akauliza kwa nini mtoto ameacha shule yake. Shangazi alitaka kusema wamehama nyumba, lakini Pilipili akamtangulia.

"Nilimsukuma mwenzangu, akavunjika meno. Nina hasira za karibu, mwalimu, na siwezi kuzizuia peke yangu. Naomba msaada."

Mwalimu alifunga daftari. "Nafasi zimejaa," alisema.

Njiani, walipokwisha kuvuka barabara kuu, shangazi alipunguza mwendo.

"Kosa nusu ni langu," alisema. "Umekua ukinisikia nikijibu njema huku mgongo unakatika. Salamu ni adabu, mwanangu, siikatai. Lakini mtu akikuuliza ili apate kukutibu, mwonyeshe panapouma, hata kama ni mgeni, hata nchi mia zikisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Lakini leo nimesema kweli, shangazi, na wamenikataa."

"Wamekukataa. Umeisema ukiwa umechelewa, na mimi nilitaka kukuchelewesha zaidi. Kesho tutakwenda shule ya nne, na utaisema tena vilevile, usipunguze neno."

Pilipili aliuliza, "Huko watanipokea?"

Shangazi alimshika mkono. "Sidhani," alisema.