Amri Iliyopigiliwa Mlangoni

Jumatatu ya tarehe thelathini na moja Machi, saa tatu asubuhi, wavunja mawe wa Mwakirunge walimkuta mtu ndani ya shimo la zamani, lile lililoachwa tangu kabla ya vita. Alikuwa amefukiwa kwa kokoto hadi kifuani. Mikono yake ilifungwa kwa kamba ya mkonge na kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Alivaa koti jeusi la kanisani lenye kiraka cha buluu begani.

Kiraka hicho kilitosha kuwapa jina. Wiki mbili nyuma, kijiji kizima cha Bengoni kilimwona Nzai akiondoka na koti hilo, amezungukwa na askari wa hedimani, mkuu wa kijiji, anapelekwa uhamishoni kwa amri ya Gavana. Na kwa kuwa ilikuwa amri ya Gavana, hakuna aliyemtafuta. Maneno matatu tu, na mamia ya watu wakafyata ndimi.

Kesi ilimwangukia Koplo Justus Kioko, askari kanzu wa kituo cha Kisauni, Mkamba mrefu asiyependa kelele. Mwezi huo ulikuwa umemchosha. Jumanne ya tarehe kumi na moja hata askari kanzu walivishwa yunifomu wakasimamishwa juani Kilindini, Gavana alipopanda meli kwenda likizo kwao Ulaya, na malengelenge ya siku ile yalimwachia makovu kwenye vidole vya miguu. Sasa alisimama mbele ya Inspekta wake, Mzungu aliyekuwa akinywa chai.

"Kama mtu huyo alikuwa chini ya amri ya Gavana, Koplo, mambo yake hayako mikononi mwetu. Andika kwamba alitoroka, akaanguka shimoni."

"Alianguka, Bwana, halafu akajifukia kokoto na mikono imefungwa?"

Inspekta aliweka kikombe chini. "Nakupa mpaka Jumatano."

Kioko alipanda baiskeli yake akiwa na hasira. Ng'ombe wa mtu akiibwa Kisauni, kituo kizima hutoka. Ameuawa mtu mzima, na anaambiwa aandike kuwa alianguka.

Saa saba mchana alimkuta Nyamvula, mjane wa Nzai, ameketi kwenye kinu kilicholazwa, watoto wanne wamemzunguka. Nyuma yake vyungu na mikeka vilikuwa vimefungwa tayari.

"Pole sana, mama."

"Zishapoa, bwana."

"Mbona mmefunga vyombo?"

"Amri ilisema shamba letu latwaliwa na serikali. Mwisho wetu ni Alhamisi hii. Nikiwa hapa Ijumaa, nyumba itatiwa moto na sisi tumo."

Kioko alitoa daftari. "Mumeo alichukuliwa lini?"

"Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Asubuhi ngoma ya baraza ikapigwa, amri ikasomwa. Saa nane wakaja kumtwaa."

"Hakupigana nao?"

"Apigane? Nzai alikwenda akifurahi, bwana. Koti alilivaa mwenyewe. Akaniambia, 'Nyamvula, barua yangu imefika. Gavana ananiita. Nikimwona kwa macho yangu nitamweleza.' Nami mjinga nikamfungia muhogo wa kuchemsha wa kula njiani."

"Barua gani hiyo?"

"Ya kumshtaki Mzee Tsofa, hedimani wetu. Mwaka wa tatu huu twaitwa kulima shamba la serikali kule Utange, siku mbili kila wiki, kila nyumba itoe mtu. Twaambiwa ni amri ya Gavana, ni ya vita. Vita vimekwisha, amri haiishi. Nzai hakujua kuandika, akaenda akaandikiwa."

"Na maadui? Alikuwa nao?"

Nyamvula alisita. "Kaka yake, Ngumbao. Waligombana kwa mpaka wa minazi. Alisema mbele za watu kwamba atampasua kichwa."

Jioni hiyo hiyo Kioko alikuwa Changamwe, kwenye nyumba za makuli wa bandari. Ngumbao, mtu wa mabega mapana, alipoambiwa kilichoonekana Mwakirunge alikaa chini pale pale mlangoni akalia bila kuficha uso.

"Nilisema, ndiyo. Ndugu wakigombana husema mangapi! Jumamosi ile nilikuwa nashusha saruji mpaka saa kumi na mbili. Muulize mnyapara wetu."

Mnyapara aliulizwa, akathibitisha. Wakati wa kuagana Ngumbao alimshika Kioko mkono. "Bwana Koplo, nilipoambiwa kapelekwa uhamishoni na Gavana, nilinyamaza. Ungefanya nini wewe?"

Kioko aliutoa mkono wake, akapanda baiskeli.

Jumanne, saa mbili asubuhi, alifika kwenye baraza la Bengoni. Karatasi ilikuwa bado imepigiliwa mlangoni kwa misumari minne. Juu ilichapwa taji, chini palikuwa na sahihi ya Gavana na muhuri mwekundu wa nta. Iliandikwa Nairobi, Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi. Kioko aliisoma mara mbili. Kisha akapitisha ukucha chini ya nta, na ukucha ukatoka na unga mweupe uliokauka. Aliunusa. Ulikuwa uji wa muhogo, ule ambao watoto wa shule hugundishia vitabu.

Mzee Tsofa alitoka akiegemea mkongojo wenye kichwa cha shaba. Alikuwa mzee wa miaka sabini, na shati lake lilikuwa na vifungo vya serikali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza habari za Nzai. Mimi ni mkono tu, kijana. Kichwa ni Gavana. Kichwa kikisema kamata, mkono wakamata."

"Ulijua kwamba alikushtaki?"

Mzee alishtuka. "Alinishtaki? Kwa lipi?"

"Hukuijua barua yake?"

"Wallahi sikuijua. Nami sijui kusoma, kila mtu ajua. Karatasi huja ndani ya mkoba wa posta, karani wangu Gershom hunisomea, nami natia dole gumba."

"Nani alimpeleka Nzai?"

"Askari wangu wawili, na Gershom. Walikwenda kwa njia ya miguu mpaka njia panda ya Mwakirunge. Askari wakarudi, Gershom akabaki naye kungoja motokaa ya serikali."

Gershom alikuwa ndani, kijana nadhifu aliyesomea misheni, kalamu mbili mfukoni. Alijibu kabla hajamaliza kuulizwa.

"Afisa wa Kizungu alikuja kwa motokaa nyeusi saa kumi kamili. Nikamkabidhi mfungwa, nikarudi. Yaliyotokea baadaye wamuulize huyo afisa, kama wanathubutu."

"Na barua ya mashtaka ya Nzai, unaijua?"

"Siijui. Ningeijuaje?"

Kioko aliandika jibu hilo neno kwa neno. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mwakirunge. Mnyapara wa machimbo alikuwa akigawa nyundo.

"Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa kumi, motokaa ilipita hapa?"

Mnyapara alicheka. "Jumamosi? Jumamosi ndiyo siku ya baruti. Twafunga barabara kwa gogo na bendera nyekundu, tangu saa nane mpaka saa kumi na mbili. Hapiti mwenye lori wala mwenye motokaa. Hata Gavana mwenyewe angengoja."

Jumatano, saa nne asubuhi, ngoma ya baraza ilipigwa tena. Bengoni nzima ilikuja. Nyamvula alikaa mbele na wanawe, na Ngumbao alisimama nyuma yake. Kioko alisimama mlangoni, karatasi ikiwa begani pake.

"Karani Gershom," alisema kwa upole, "wewe ndiye msomi hapa. Tueleze. Hedimani anaweza kumhamisha mtu bila kesi?"

Gershom alitabasamu. Alipenda kuulizwa mambo kama hayo. "Hawezi."

"Bwana DC je?"

"Hata yeye hawezi. Hiyo ni nguvu ya Gavana peke yake. Yeye ndiye aliyewekwa na Mfalme. Lazima sahihi yake mwenyewe."

"Na Ijumaa ya tarehe kumi na nne alikuwa wapi alipoitia sahihi?"

"Nairobi, kwenye kiti chake. Si imeandikwa?"

Ngumbao aliinua kichwa ghafla. "Tarehe kumi na nne? Hiyo ndiyo imeandikwa hapo? Mbona alipanda meli Jumanne, tarehe kumi na moja! Makuli hatukushusha gunia hata moja mpaka mizinga ilipokwisha kupigwa. Nilimwona na kofia yake ya manyoya!"

Minong'ono ilipita barazani. Kioko alingoja itulie.

"Hata mimi nilikuwepo. Sasa sikilizeni, kwa maana mmefichwa mambo haya. Nguvu hizo si za mtu, ni za kiti. Gavana akitoka katika nchi, anaapishwa mwingine kukaimu, na amri zote hutiwa sahihi na huyo. Tarehe kumi na nne yule bwana alikuwa baharini. Sahihi yake haikuwa na nguvu ya kumhamisha hata kuku. Na muhuri huu umebanduliwa kwenye karatasi ya zamani, ukagundishwa kwa uji wa muhogo."

Gershom alilamba midomo. "Basi nimedanganywa kama wengine. Muulizeni Mzee Tsofa, ndiye aliyeshtakiwa."

"Mzee hajui kusoma. Na wewe ulisema motokaa ilipita saa kumi, siku ya baruti, barabara ikiwa imefungwa kwa gogo. Mama Nyamvula, mumeo aliandikiwa barua yake na nani?"

Nyamvula alishangaa kwamba jambo hilo laulizwa. "Na nani tena? Na karani. Bengoni nzima ina kalamu moja."

Kioko alitoa mfukoni mwa koti lake barua iliyokunjwa mara nne. "Asubuhi hii tumepekua sanduku la Gershom. Hii hapa, na dole gumba la Nzai. Haikutumwa popote. Pamoja nayo kuna karatasi mbili za amri za Gavana, zimeachwa tupu, zimeshatiwa taji."

Mzee Tsofa alisimama taratibu. "Gershom. Shamba la Utange..."

"Ni langu!" Gershom alipaza sauti, na unadhifu wote ukamtoka. "Ndiyo, langu! Gavana hakuliagiza kamwe. Barua ya huyu mpumbavu ingefika Nairobi, wangeuliza, 'Shamba gani? Amri gani?' Nilimwambia aiache. Akasema Gavana ni mtu wa haki." Aliwageukia watu. "Nanyi mwanitazamia nini? Mwaka wa tatu nawatawala, nani kati yenu aliyeniuliza? Mlitii karatasi. Ningeandika mle majani, mngekula! Hata Nzai alikaa juu ya jiwe akingoja motokaa, anakula muhogo wake, mikono imefungwa, na hakugeuka nilipomjia kwa nyuma."

Ngumbao alimrukia, ikabidi askari wawili wamzuie. Pingu zilipofungwa, Mzee Tsofa alikuwa ameketi chini mavumbini, anang'oa vifungo vya serikali kwenye shati lake kimoja kimoja. Hakuna aliyemhurumia. Alikuwa na ulimi, na hakuutumia hata siku moja kuuliza.

Watu walipotawanyika, Kioko alimwambia Nyamvula afungue vyombo vyake, kwamba shamba ni lake na Alhamisi itapita kama siku yoyote. Alidhani atashukuru. Nyamvula aliikazia macho ile karatasi mlangoni.

"Koplo, niulize jambo moja?"

"Uliza, mama."

"Lau tarehe ingekuwa sawa. Lau Gavana mwenyewe angeandika kwamba mume wangu ahamishwe bila kesi, na shamba litwaliwe, nami nifukuzwe na wanangu. Ungekuja?"

Kioko alimkumbuka Inspekta na kikombe chake, akakumbuka saa nne alizosimama juani Kilindini, mkono kipajini.

"Ningekuja, mama," alisema hatimaye. "Ningekuja kukutoa."

Nyamvula alitikisa kichwa kama aliyeambiwa alichokuwa akikijua. Aliokota jiwe, akaigonga misumari mpaka ikalegea, akampa Kioko karatasi yake. Misumari minne aliifunga kwenye pindo la leso. Jeneza la Nzai lilikuwa bado halijapigwa kifuniko.