Honi ya Marehemu Dishon

Jioni moja mwaka huu wa tisini na saba nilikuwa nafunga kibanda changu cha kutengeneza redio hapa mtaani Kuze, kisiwani, niende nikanunue mkate wa mofa, mama mmoja akasimama mlangoni na kikapu. Jina lake Zilpah. Mumewe Dishon, dereva wa treni, alikuwa amefia kazini miezi miwili nyuma.

Kikapuni mlikuwa na treni ndogo ya kuchezea, ya umeme, nzuri ajabu, pamoja na kibao kipya cha sauti, kile kinachoipigisha honi, alichokuwa ameagiza marehemu kutoka Ujerumani.

"Nitolee kile cha zamani, Fundi Jaffar," alinong'ona. "Utie hiki."

"Kimeharibika?"

"Hapana. Kinapiga honi yake."

Madereva wa treni kila mmoja ana mkono wake kwenye honi. Dishon akiingia kisiwani alipiga mbili ndefu, moja fupi, na nyumbani wakajua ni wakati wa kumtengea maji ya kuoga. Sasa, Zilpah akanieleza, kibao kilipiga vivyo hivyo kila magharibi, treni ikiwa kabatini, mbali na reli zinazoipa umeme. Kikilia tu, binti yao Awiti huchukua ndoo akasimama mlangoni kumngoja baba. Hakuwa akila tena, wala kulala.

"Mtoto ananiishia, fundi. Hicho cha zamani kakitupe baharini. Usikiweke."

"Wallahi nitakitupa."

Nilisema uongo. Sisi mafundi hatutupi kitu. Spika, waya, hata parafujo, kila kimoja kina kopo lake, maana siku moja kitafaa. Nilichomoa kibao cha zamani, nikalehemu kipya, nikaijaribu treni. Ikatoa mlio mnene, wa kigeni. Zilpah akatokwa na machozi ya furaha. Kile cha zamani nikakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikapanda nacho nyumbani kwangu, juu ya kibanda.

Wiki ya pili alipita kunieleza kuwa Awiti amekula sahani mbili za wali. Nikajiona fundi kweli.

Jioni hiyo hiyo, adhana ilipokwisha tu...

Mbili ndefu.

Moja fupi.

Harufu ya dizeli ikajaa chumbani. Nikafungua kopo. Kibao hakikuunganishwa na kitu, nyaya zake zimekatwa. Lakini kilikuwa cha moto.

Nyuma yangu maji yakamwagika kidogo... kidogo... Ni Badria, binti yangu wa miaka sita, akiburura ndoo kuelekea ngazini.

"Wenda wapi, mwanangu?"

"Nampelekea baba maji."

"Babako ni miye, Badria. Nipo hapa!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Si weye," akasema taratibu, akanipita.

Kibao nilikwenda kukitupa baharini pale pale. Nilichelewa, na najilaumu mpaka sasa. Leo ni siku ya tisa, honi ingali inalia kila magharibi, na mwanangu hali wala halali. Kila asubuhi naikuta ndoo tupu, na sakafu ya bafuni imelowa.