Fundi Asiyeitwa

Bomba la bafuni liliacha kuvuja siku ya Jumanne, na hakuna fundi aliyeitwa.

Vaileth aligundua alipotoka kazini. Alikuwa mpokea wageni kwenye gesti moja ya Mikumi, pembeni ya barabara kuu ya Iringa, na kila akirudi nyumbani alizoea kupokelewa na ule mlio wa matone ndani ya ndoo. Siku hiyo ndoo ilikuwa kavu. Bomba limekazwa barabara, linang'aa kama limetoka dukani, na bafu zima linanuka saruji mbichi.

Kwa muda mrefu alikuwa akisumbuana na mwenye nyumba kwa ajili ya bomba hilo. Mzee Melkizedek, mkulima wa Kisanga na mzee wa kanisa, alikuwa na jibu moja tu kila akipigiwa simu. "Mimi nimekupa nyumba, mwanangu. Vya ndani ni vya mpangaji. Bomba si langu." Na Vaileth naye alikuwa na lake: "Siku nikihama sitalibeba, mzee. Kwa hiyo si langu." Basi kila mmoja anakata simu amenuna, na maji yanaendelea kudondoka.

Akafikiri mzee ameamua yaishe. Akampigia kumshukuru.

"Shikamoo, mzee. Ahsante kwa fundi."

"Marahaba. Fundi gani?"

"Wa bomba."

"Mimi sijatuma mtu. Labda mkweo ndiye kamwita."

Mkwewe, Mama Tumwagile, alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Aliletwa kutoka Rungwe masika yalipokwisha, goti la kulia limevimba kama boga, aje atibiwe akiwa kwa mwanawe. Lakini mwanawe Lupakisyo, mume wa Vaileth, alikuwa dereva wa lori la Zambia na nyumbani alipita tu kama mgeni. Daktari aliposema goti linataka upasuaji, Lupakisyo alisema ni zamu ya kaka yake wa Mbeya, Ambakisye. Ambakisye akasema mama yuko kwa Lupakisyo, kwa hiyo ni wa Lupakisyo. Na Vaileth, ambaye ndiye aliyekuwa akimshika bibi huyo kiuno kumpeleka chooni, siku moja alichoka, akamwambia mumewe kwenye simu kwa sauti ambayo hakuishusha vya kutosha: "Huyu ni mama yenu. Si wangu."

Mama Tumwagile alisikia.

"Mama, kuna fundi aliingia leo?" Vaileth aliuliza.

"Nilimsikia, sikumwona. Alikuwa bafuni anakwangua, kama mtu anayepiga tupa kwenye chuma. Nikadhani umempa ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa ndani ya pochi ya Vaileth.

Angepaswa kuogopa siku ile ile. Lakini mtu aliyehangaikia kitu kwa muda mrefu hakiulizi sana maswali siku kikija bure. Likafuata dirisha la jikoni, ambalo kioo chake kilikuwa kimebanduka na nafasi yake kuzibwa kwa boksi. Akarudi akakuta kioo kizima. Ikafuata dari ya sebuleni iliyokuwa imelegea. Halafu kitasa cha chumbani. Kila kimoja alikuwa amekwisha kumlalamikia mzee Melkizedek, na mzee amekikataa, naye amekikataa. Ikafika mahali Vaileth akasimama jikoni, mwiko mkononi, akaitazama soketi iliyoungua akasema kwa nusu mzaha, "Na hii nayo si yangu, wala ya mzee." Kesho yake soketi ilikuwa mpya.

Ila harufu haikuisha. Saruji mbichi, na chini yake harufu nyingine, kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa motoni. Na Mama Tumwagile alikuwa ameacha kupenda kubaki peke yake mchana.

"Akimaliza haondoki," alisema siku moja, akinong'ona, macho yakiwa kwenye ukuta wa bafu. "Anakaa humo. Namsikia anavuta pumzi."

Baadaye vitu vilivyotengenezwa vikaanza kumkatalia Vaileth. Alizungusha bomba mpaka kiganja kikauma, lisitoe hata tone, na alipogeuza mgongo likafunguka lenyewe, maji yakamwagika kwa nguvu, likajifunga. Kitasa cha chumbani kilimzuia nje huku akikisikia kwa ndani kikizungushwa polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kazi ya mikono yake aone kama imekaa sawa. Alianza kulala sebuleni na mkwewe, godoro chini, akiwaambia wenzake kazini kwamba chumbani kuna joto.

Alhamisi moja alirudi jioni. Alipofungua mlango alisikia sufuria ikigongwa, akachungulia jikoni, na pale palikuwa na Mama Tumwagile, wima, bila fimbo, akigeuza ndizi zake jikoni kama msichana.

"Ndaga," bibi alisema, akimshukuru Mungu wake kwa Kinyakyusa, machozi yanamtoka. "Ndaga, ndaga. Tazama, mwanangu. Nimepona."

Furaha ya Vaileth ilidumu kitambo kidogo sana. "Nani amekutibu, mama?"

Bibi alipunguza moto kwanza. "Nilikuwa nimesinzia. Nikahisi mkono wa baridi umeshika goti. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Ukanikwangua, ukanikwangua. Haukuuma."

Vaileth alipiga magoti akakifunua kitenge. Goti lilikuwa halina uvimbe, halina hata zile alama za uzee. Lilikuwa laini, linang'aa, na alipoliweka mkono lilikuwa baridi kama sakafu. Lilinuka saruji mbichi.

"Kaa chini, mama," alisema taratibu.

Mama Tumwagile alijaribu kukaa. Mguu wa kushoto ulikunjika. Wa kulia ukabaki umesimama.

"Vaileth," bibi alinong'ona. "Mguu huu haunisikii."

Jua lilikuwa linazama, malori yanapita barabarani yamewasha taa, majirani wanapika nje wakicheka kama jioni nyingine yoyote, na humo ndani ule mguu ulianza kutembea, hatua moja baada ya nyingine, ukimburuta bibi wa watu aliyekuwa ameshika meza, kisha kochi, kisha mkono wa Vaileth, ukimpeleka bafuni bila haraka, ukamsimamisha uso kwa ukuta, karibu kiasi kwamba pumzi yake ililowesha rangi, halafu ukaanza kupiga ukuta kwa kidole gumba, polepole, na kutoka ndani ya ukuta, pale ambapo hapana kitu ila tofali na upande wa pili ni uwanja mtupu, kitu kikajibu kwa kugonga vile vile.

Vaileth alimshika mkwewe kiuno kwa mkono mmoja na kwa mwingine akampigia simu mwenye nyumba.

"Kama ni habari ya matengenezo, mwanangu, nilishasema..."

"Sikiliza, mzee," Vaileth alisema, akaisogeza simu ukutani.

Kugonga kulisikika. Kisha, karibu kabisa na simu, pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza kazi.

"Usimwachie," alisema Mzee Melkizedek. "Nakuja alfajiri."

Alikuja kwa bodaboda, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi ili waumini wenzake wasimtambue, kwa sababu nyuma yake alikuwa amempakia Bibi Verdiana, mganga wa Kisanga. Alikuwa mama mfupi mwenye buti za mvua na mkoba wa shambani. Hakuuliza nani amekufa katika nyumba ile wala nani amerogwa. Alitembea akinusa, akafika bafuni, ambako Vaileth alikuwa bado amemkumbatia mkwewe, wote wawili wamekauka kwa uchovu. Akaligusa bomba kwa ncha ya kidole.

"Hili ni la nani?"

"La mpangaji," Mzee Melkizedek alijibu kwa mazoea.

Bomba likafunguka lenyewe, maji yakamrukia mzee miguuni. Mganga akamtazama.

"Umeona unavyomlisha?" alisema. "Yuko jini asiye na kwao. Chenye mwenyewe hakigusi. Husubiri mtu aseme si changu, na mwenzake naye aseme si changu. Hapo hukichukua, hukitengeneza, kinakuwa chake. Na huwezi kumwita mwizi. Mlikitupa ninyi, akakihudumia yeye."

"Anaondokaje?" Vaileth aliuliza.

"Kila alichokishika kidaiwe na mwenyewe. Kwa mkono na kwa mdomo. Kirudi kilivyokuwa, na ubovu wake."

"Na gharama ya kuvitengeneza upya?" Mzee Melkizedek alisema. Hata yeye alionekana kuona aibu mara tu lilipomtoka.

"Ni yako, baba. Kama hutaki gharama, mwachie nyumba."

Mganga alimwaga majivu kizingitini na kuanza kuimba kwa chini, kama mtu anayebembeleza. Mzee alichukua spana. Akalishika bomba.

"Hili ni langu," alisema.

Ukuta ulitoa mlio kama wa msumari unaong'olewa. Mzee alilegeza bomba, matone yakaanza kudondoka. Alikwenda kwenye dirisha, "Hili ni langu," na kioo kikapasuka kabla hajakigusa, kikamkata shavu. Alikwenda kwenye dari, kwenye kitasa, akitokwa damu na akisema kwa sauti iliyozidi kupanda, na kila aliposema, kile kilichokuwa ndani ya ukuta kilikimbilia upande mwingine, wakikisikia kinavyopita, kizito, kikikwaruza tofali. Soketi ilimtupa mpaka kwenye kabati. Aliinuka, akairudia. "Yangu. Na nyaya zake. Na nyumba nzima ni yangu."

Kukawa kimya. Harufu yote ya nyumba ikakusanyika bafuni.

"Sasa amebakiwa na kimoja," alisema Bibi Verdiana, akamwelekezea kidole bibi aliyesimama uso ukutani. "Huyu ni wa nani?"

Simu ya Lupakisyo haikupatikana. Alikuwa amevuka mpaka. Vaileth akampigia Ambakisye, akaweka sauti kubwa. "Shemeji, mama yuko vibaya. Sema tu kwamba ni wako."

"Shemeji, hayo nilishamaliza na Lupakisyo," ilijibu sauti ya Mbeya. "Yuko kwake. Usiniingize."

Mguu uliruka. Mama Tumwagile alibamizwa ukutani, na pale kifua chake kilipogusa, rangi ilianza kulainika kama saruji ambayo haijakauka, ikimpokea, mkono wake wa kulia ukazama mpaka kwenye kiwiko, na kutoka ndani ikaja sauti, ya chini, ya adabu, sauti ya fundi anayezungumza na mteja mlangoni.

"Dada, mimi nimemtengeneza. Wewe ulimkana."

Vaileth alikuwa amepanga kukataa. Angeweza kusema hakumaanisha, kwamba ulikuwa uchovu, kwamba wanawe ndio waliomtupa. Lakini alimwona mkwewe amegeuza jicho moja, anamtazama, na katika jicho lile hapakuwa na lawama, palikuwa na ombi tu. Akapiga magoti kwenye maji, akalikumbatia goti lile la baridi kwa mikono yote miwili.

"Nilimkana," alisema. "Alinisikia. Sasa namrudisha. Ni wangu. Goti lake ni langu, uvimbe ni wangu, kumbeba ni kwangu. Mtoe."

Baridi ilimpanda mpaka mabegani, ikawa kama anakumbatia nguzo, kama hata mikono yake inataka kugeuka jiwe, na alipohisi vidole visivyo vyake vikijaribu kuvibandua vidole vyake kimoja kimoja, kwa utaratibu, bila hasira, alifumba macho akaendelea kusema neno lile moja, wangu, wangu, mpaka koo likakauka, mpaka chini ya viganja vyake kitu kikaanza kupata joto, kikavimba, kikajaa, na Mama Tumwagile akapiga yowe la maumivu na kumwangukia mzima mzima.

Vumbi la saruji lilitoka ukutani, likapita sebuleni, likaukwepa mlango wenye majivu na kutokea dirishani pasipo kioo. Uwanjani kuku walitawanyika.

Mzee Melkizedek aliketi sakafuni akishika shavu. "Nitaleta fundi," alisema. "Fundi mtu. Usinilipe chochote."

"Soketi na kitasa nitavishughulikia mimi," Vaileth alisema. "Nimevitumia mimi." Hawakubishana.

Bajaji iliwapeleka hospitali adhuhuri ile ile, kwa sababu mkono wa bibi ulikuwa umechubuka na goti halikumruhusu hata kulia vizuri. Mganga alikuwa amesema kitu kimoja tu wakati wa kuagana: ametoka kwenye nyumba, sikusema amekufa. Vaileth alimkalisha mkwewe kwenye kiti cha magurudumu, akasimama kwenye foleni ya dirishani, macho mazito, kichwa kimejaa upasuaji, dawa, likizo atakayoiomba gestini na mume ambaye simu yake haipatikani.

"Mgonjwa ni wa nani?" aliuliza karani bila kuinua uso. "Nani anasimama naye?"

Lilikuwa swali la kawaida. Vaileth alifungua mdomo kueleza kwamba ana watoto wake wawili wa kiume, mmoja yuko Mbeya, mmoja yuko safarini. Alisita. Katika kusita kule, korido iliyokuwa inanuka dawa ikaanza kunuka saruji mbichi. Mama Tumwagile alimshika gauni. Chini ya kitenge mguu wa kulia ulikuwa unanyooka, polepole, bila maumivu.

"Wangu," alisema Vaileth haraka, akaliweka goti mkono. "Andika jina langu."

Mguu ukakunjika. Mama Tumwagile akagumia kwa uchungu, na Vaileth, aliposikia anavyoumia, akashusha pumzi.